Asili ya "Score" kwa Mujibu wa Levi Masha

Jumatatu, 7 Machi 1949

Ukurasa wa tatu utapata mwenyewe Ijumaa. Amesema hivyo Mzee Adamji, mwenye gazeti na mwenye mtambo, leo saa tatu na robo asubuhi, mbele ya watu watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili Chirau, msahihishaji. Wa tatu mpanga chapa, ambaye hakuinua kichwa.

Chanzo ni barua. Bwana Mutunga, fundi cherehani wa Majengo, anajifunza Kiingereza jioni. Amemsikia mwalimu wake akisema umri wa binadamu ni score tatu na kumi. Akapiga hesabu, akapata sabini. Sasa anauliza: kwa nini Mwingereza huita ishirini score? Neno lilitoka wapi? Na kwa nini watu wa mpira nao hutaja score, ilhali hapa kisiwani Mombasa hakuna timu iliyowahi kufunga mabao ishirini?

Mzee ameipenda barua mno. Amesema kuanzia sasa ukurasa wa tatu utaeleza kila juma asili ya neno moja. Mimi na Chirau tuandike juu ya neno hili, kila mtu lake. Ijumaa saa kumi alasiri tutasoma barazani, hapa nje, mbele ya wasomaji. Atakayeshinda atachukua ukurasa pamoja na meza ya dirishani na kile kiti chenye mgongo. Atakayeshindwa atabeba magazeti kwa miguu kutoka Ndia Kuu hadi Makupa, maana tangu vita karatasi ni haba na ofisi haiwezi kubeba kalamu mbili.

Nimo kazini mwaka wa kumi na nne. Nimeandika habari za moto, mafuriko, kesi tatu za mauaji, na bei ya nazi zaidi ya mara mia saba. Chirau ni Mdigo wa Likoni, mpole kupita kiasi. Kazi yake ni kutafuta nukta zilizopotea. Hajaandika habari hata moja. Tulipotoka akaniambia, Kaka Levi, Mungu atusaidie sote. Nikamwambia amina. Nilimwonea huruma.

Saa sita na dakika kumi nilikuwa nimeshapata jibu. Nilipita mtaa wa maduka ya kanga. Sattar, muuzaji wa jumla, alikuwa akimfokea mpagazi wake: korija tatu kule, korija mbili huku! Nikasimama katikati ya njia. Mkokoteni ukanikwepa.

Korija ni nguo ishirini. Score ni ishirini. Korija. Score. Ni dhahiri! Mwingereza alikuja pwani kununua nguo, akasikia korija, akaenda nayo kwao. Safari ndefu, baridi kali, neno likachakaa kidogo. Basi.

Utafiti wote: dakika arobaini. Nimekula wali kwa maharage. Nimelala alasiri.


Jumanne, 8 Machi

Madai bila shahidi ni porojo. Nimekwenda dukani kwa Sattar saa mbili kamili.

Sattar amethibitisha kwamba korija ni ishirini. Ameapa kwa kaburi la babake. Nikamwuliza kama katika ukoo wao kuna aliyepata kukutana na Mwingereza siku za kale. Akafikiri. Akasema babu yake alisafiri na mmoja, katika jahazi kutoka Bara Hindi. Siku kumi na tisa. Nikamwuliza walizungumza nini. Akasema, walizungumza nini, Bwana Levi? Mwingereza alikuwa akitapika njia nzima, babu alikuwa akimshikia ndoo.

Nimeandika: "Walikaa pamoja kwa karibu siku kumi na tisa." Siku kumi na tisa zatosha kujifunza neno moja, hata kwa mgonjwa.

Nikamwomba atie sahihi. Akaniuliza, kwani leo wanunua kanga au wamnunua babu yangu? Nikasema sahihi tu. Akatia, ili nitoke mlangoni, wateja wapite.

Imebaki hatari moja. Kamusi. Mzee Adamji ana kamusi kubwa ya Kiingereza, pekee ya ukubwa huo mtaani. Haikai ofisini. Inakaa nyumbani kwake, katika kabati la mkewe, Bi Amtulla, pamoja na sahani za arusi. Anayetaka kuisoma hunawa mikono, huisoma pale pale mkekani, na Bi Amtulla humkalia mbele akishona. Chirau ni mtu wa kunawa mikono. Angekwenda kesho, bila shaka.

Nimekwenda leo. Nimemwambia Bi Amtulla kwamba mchwa wameonekana mtaa wa pili na kwamba vitabu vyote vya maana vinaanikwa juani. Alishika kifua. Akaniuliza kama sahani nazo ziko hatarini. Nikamwambia sahani haziliwi na mchwa, ila kamusi ningeianika mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Majengo, ambako jua ni kali zaidi. Akaifunga katika kitambaa, akaitia kapuni, akanisihi nisiiache peke yake.

Nimeipima kwenye mizani ya muuza papa njiani. Ratili kumi na moja na robo. Sasa iko chini ya godoro langu. Sijaifungua. Sioni haja. Ni kamusi ya Waingereza. Itawatetea watu wake.


Jumatano, 9 Machi

Shingo inauma. Kamusi imevimba katikati.

Chirau amejua. Bi Amtulla alimwambia asubuhi kwamba kamusi imekwenda kuota jua kwangu. Nilingoja ghadhabu. Hakukasirika! Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, akasema, Kaka Levi, sina haja ya kuichukua. Ila ukiwa na nafasi, waonaje ukaninakilia maneno yaliyoandikwa pale penye score? Mistari michache tu.

Hapa ndipo uzoefu unapofaa. Kumkatalia kungemfanya aende kulalamika kwa Mzee. Nilimwambia ndiyo, kwa moyo mweupe. Nikaenda nyumbani wakati wa chakula, nikainua godoro, nikanakili yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikatia kipande cha karatasi pale kwenye ukurasa, kwa ajili ya mpangilio.

Ni upuuzi mtupu. Habari ya watu wa kaskazini wenye mashua, habari ya kondoo, habari ya vijiti. Ati mkato. Ati alama iliyokatwa kwa kisu. Hakuna hata mahali pamoja palipotajwa kanga. Nimemkabidhi Chirau saa nane na dakika tano. Akaisoma mara mbili, akanishukuru kama mtu aliyepewa mbuzi. Maskini. Nimempa kamba, na atajifunga nayo mwenyewe.

Alasiri nilikwenda kwa Bi Khairiya, hapa Mji wa Kale, nyuma ya soko la samaki. Anamwoza binti yake Jumamosi. Mjomba wangu Dzoro, kakake mama, ameleta nazi za arusi kutoka Rabai kwa mikokoteni, na leo alikuwa akizihesabu uani. Nilikuwa na ombi: Ijumaa aje barazani na wapagazi wake, wakae nyuma, wapige makofi nitakapomaliza.

Mjomba aliendelea kuhesabu. Alikuwa katikati ya kazi. Hushika nazi nne kwa mara moja, mbili kila mkono, akazirusha upande wa pili. Mara tano. Kisha hutoa kisu kiunoni na kukata alama kwenye kijiti cha kuti. Nazi nne, mara tano, kisu. Anakwenda hivyo mchana kutwa kama saa ya ukutani. Ndivyo wahesabuvyo kwetu tangu mababu. Si habari.

Alipokwenda kunywa maji alikiacha kijiti juu ya kizingiti. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza uchochoro matope, na viatu vyangu vilikuwa na tope la inchi mbili. Nilitarajia kupita kwa Mzee Adamji. Kijiti kilikuwa na meno mazuri. Nikakwangulia viatu. Kiatu cha kulia, safi. Cha kushoto, kijiti kikavunjika. Nikatupa vipande katika mfereji, vikaenda na maji.

Kelele zilizofuata sijazisikia tangu moto wa ghala la pamba.

Ukweli wa mambo, kama nilivyoukusanya: kwetu kijiti cha hesabu hakiguswi na mkono mwingine. Kinavunjwa mara moja tu, hesabu ikiisha na pande zote mbili zikiridhika. Kikivunjwa, mambo yamefungwa. Hakuna wa kuuliza tena. Nilikuwa nalijua hilo, utotoni. Nilikuwa nikifikiria viatu.

Mjomba akasema kijiti kilikuwa na alama thelathini na kitu. Bi Khairiya akasema yeye aliona kumi na sita, na hata hivyo kimevunjika, basi hesabu imefungwa, atalipa hizo tu, na nazi zote ziko uani kwake. Akamwambia, na aliyekivunja ni wako, Dzoro, si wangu, mimi wangu wamelelewa! Mjomba akanigeukia. Mpwa wangu, akasema, miaka minane shuleni, na ulilofunzwa ni kuvunja?

Bi Khairiya si mwizi. Ni mtu wa kupenda kuona wenzake wakihangaika, kisha huwahurumia. Baada ya robo saa alikata shauri: zihesabiwe upya, zote, kesho, kabla ya magharibi, kwa sababu Dzoro anarudi Rabai Ijumaa alfajiri. Na atakayezihesabu ni huyu bwana wa viatu. Peke yake.

Nimekubali. Ninajua kuhesabu.

Makala yangu nimeimaliza jioni. Kurasa nne. Sioni kosa. Mjomba kuhusu makofi hakusema lolote.


Alhamisi, 10 Machi

Mgongo haukunjiki. Naandika nimesimama.

Nilianza saa mbili unusu asubuhi. Nilihesabu moja moja, kwa kichwa, kama mtu aliyesoma. Nilipofika tisini na sita mpishi mmoja akaniuliza saa ngapi. Nikamjibu saa nne. Nikaendelea: tano, sita, saba. Niligundua kosa kwenye thelathini. Nikaanza upya.

Mara ya pili nilifika mia mbili na kumi na mbili. Bi Khairiya akaketi kibarazani na tambuu yake, akaanza kumsimulia jirani umri wa watoto wake kwa sauti kubwa: huyu ana kumi na tisa, yule ishirini na tatu, yule wa Lamu thelathini na moja. Namjua. Alifanya kusudi. Nikaanza upya.

Wapishi wakapata kazi ya mdomo. Mmoja akasema, jamani, bwana wa gazeti kapandishwa cheo, sasa ni karani wa nazi! Mwingine akasema, mwulizeni kama hizi atazitoa ukurasa wa mbele au wa nyuma. Mjomba Dzoro aliketi kivulini akivuta tumbaku. Hakuruhusiwa kunisaidia. Sidhani kwamba alitaka.

Mara ya tatu niliamua kutumia akili. Ninaandika hatua kwa hatua, kwa sababu jambo hili ni langu na sitaki lipotee.

Kwanza nilihesabu kwa vidole vya mikono. Kumi. Vikaisha. Nikavua viatu, nikaendelea na vya miguu. Ishirini. Hapo mtu ameisha! Hakuna kidole kingine mwilini. Ukifika hapo, ama uanze upya na usahau, ama uweke alama nje ya mwili. Nikaazima kisu cha mpishi, nikaokota kijiti, nikakata mkato mmoja. Mkato mmoja ni mtu mzima mmoja. Kisha nikaanza tena kwa kidole gumba. Ishirini nyingine, mkato mwingine. Hata waliponiuliza saa, sikupotea. Nilitazama kijiti tu.

Mbinu mpya kabisa! Nimeibuni mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, saa sita na nusu mchana. Mjomba aliinuka, akaja, akanitazama nikikata. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akarudi kukaa.

Saa nane Chirau akaingia uani. Alibisha hodi, akamsalimu Bi Khairiya masalkheri kwa urefu wake wote, akauliza hali ya bibi arusi, hali ya wageni, hali ya kisima. Akakaa kibarazani. Alikuwa ametafuta vijiti soko zima, alisema, na watu wamemwelekeza hapa kwa Mzee Dzoro. Kisha akaniona mimi, pekupeku, nimekaa juu ya nazi nikihesabu vidole vya mguu wa kushoto.

Akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza mbinu yangu. Nikamweleza yote: mikono, miguu, mwili kuisha, kisu, mkato. Alikuwa amekodoa macho. Nikamwambia aandike, asije akasahau. Akaandika. Akauliza kama mtu akikata mkato kila ishirini kwa miaka mingi, baadaye hataiita ishirini yenyewe mkato. Nikasema anaweza kuiita apendavyo, sina wivu. Akauliza kama anaruhusiwa kulitumia hili katika makala yake. Nikasema atumie. Niliona hana kitu kingine, maskini.

Halafu akaenda kuketi na Mjomba Dzoro, wakazungumza kwa sauti ya chini mpaka alasiri. Mjomba alicheka mara mbili. Sijamsikia akicheka tangu nikiwa mdogo.

Hesabu imekamilika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mikato thelathini na saba na nazi sita. Nazi mia saba na arobaini na sita. Mjomba akasema ndivyo alivyodhani, kasoro sita zile. Bi Khairiya akaridhika. Akashika kijiti changu, Mjomba akashika upande wa pili, wakakivunja kwa pamoja, na wapishi wakapiga kigelegele. Bi Khairiya akaniletea sahani ya mbaazi na mahamri manne. Alisema, kula mwanangu, kumbe una mikono. Chirau akaomba apewe nusu ya kijiti. Wakampa.

Kesho saa kumi. Mjomba amesema hatakuja. Amesema ameshapiga makofi ya kutosha moyoni.


Ijumaa, 11 Machi

Mzee Adamji amempa Chirau ukurasa wa tatu. Ametangaza mwenyewe saa kumi na moja na dakika kumi, barazani, mbele ya watu thelathini na wanne. Nimewahesabu.

Naeleza kama ilivyotukia.

Nilisoma mimi kwanza. Niliiweka kamusi mezani mbele yangu, katika kitambaa chake, ili watu waione. Kitabu cha ratili kumi na moja humpa msemaji uzito. Nilisoma kwa sauti, bila haraka. Nilipofika penye korija mtu mmoja alisema aa! Nilipofika penye babu wa Sattar, Mzee akainua mkono, akauliza kama Sattar yupo. Alikuwepo, mstari wa pili. Mzee akamwuliza kama ni kweli babu yake alimfundisha Mwingereza neno korija.

Sattar akasimama. Akasema, Mzee Adamji, kufundisha ni neno kubwa. Mtu ametia kichwa ndooni siku kumi na tisa, utamfundisha nini? Alichojifunza Mwingereza yule ni neno ndoo.

Watu walicheka kwa muda. Nilingoja. Nikamaliza kurasa zangu zote nne. Bwana Mutunga, fundi cherehani mwenyewe, aliuliza: na mpira je? Mabao nayo yanatoka katika kanga? Nikamwambia huo ni utafiti mwingine.

Chirau akasimama. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na ukurasa mmoja na ile nusu ya kijiti. Akamwita Mutunga kwa jina, kama wanaongea wawili. Akasema, ndugu yangu, zamani sana Mwingereza alikuwa na kondoo na hakuwa na karatasi. Alihesabu hadi ishirini, akakata mkato kwenye kijiti, akaanza upya. Mkato huo aliuita kwa neno alilolipata kwa watu wa kaskazini waliokuja kwake kwa mashua, na neno hilo ni score. Kwanza lilikuwa jina la mkato. Baadaye likawa jina la kondoo wale ishirini. Na mpira, akasema, ni kijiti kile kile: bao limeingia, kata alama. Hapo hawangojei ishirini, kila bao na mkato wake. Ndiyo maana neno ni moja.

Mutunga akasema ahaa, taratibu, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Chirau hakuikejeli korija. Alisema nayo ina njia yake, kutoka Bara Hindi, na imepita kwa Wareno pia. Haikuzaa score wala haikuzaliwa nayo. Yamekutana tu kwenye ishirini, kama watu wawili kutoka miji miwili wanaokutana kisimani, kwa sababu kila binadamu ana vidole ishirini na anahitaji maji.

Kisha akainua kijiti. Akasema kama kuna asiyeamini kwamba mtu anaweza kufika hapo bila kufundishwa, basi jana, hapa hapa Mji wa Kale, katika ua wa Bi Khairiya, mtu mmoja mwenye akili, msomi, alivua viatu vyake mbele ya nazi mia saba na arobaini na sita, akaimaliza mikono, akaimaliza miguu, akachukua kisu. Hakuna Mwingereza aliyekuwepo. Hakuna kamusi iliyokuwepo. Akasema, mtu huyo amekaa pale.

Watu wote wakanigeukia. Makofi! Wapagazi wa nazi, ambao nilidhani wamerudi Rabai na Mjomba, walikuwa nyuma kabisa, na ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Nikasimama. Nikainama mara mbili. Nilidhani, kwa muda wa nusu dakika hivi, kwamba nimeshinda.

Mzee Adamji akavuta kamusi. Ikafunguka yenyewe penye kipande changu cha karatasi. Akavaa miwani. Akasoma, kidole kikitembea. Akasema kila neno la Chirau limo humu. Akaniuliza, Levi, karatasi hii ya alama aliiweka nani? Nikasema mimi. Akauliza, kwa hiyo ulisoma? Nikasema nilinakili. Akavua miwani. Bi Amtulla, aliyekuwa mlangoni, akauliza kama mchwa wamekutwa. Nikamrudishia kitambaa chake.

Basi Mzee akatangaza.

Kiti chenye mgongo kilihamishwa saa ile ile. Nilisaidia kukibeba. Kwa miaka kumi na minne nimekalia kisanduku cha risasi za chapa, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukishika kiti kile. Ni chepesi kuliko nilivyofikiri. Chirau hakutaka kukikalia nikiwa mle ndani. Alisimama, akazungusha kalamu mkononi, akasema, Kaka Levi, bila wewe nisingekuwa na makala. Nikamwambia najua.


Jumapili, 13 Machi

Nimetoka kanisani. Nimetafakari. Akili imetulia.

Mambo yaliyothibitishwa wiki hii ni haya. Korija ni ishirini. Sattar ametia sahihi. Mwingereza alikuwa katika jahazi, Sattar hakukana. Na mbinu ya mkato ilibuniwa Mombasa, siku ya Alhamisi, mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Chirau mwenyewe amelitangaza hadharani, na makofi yalipigwa. Mtu akiyaunganisha haya matatu, jibu ni moja. Kwa hiyo sikushindwa. Makala yangu ilikuwa nusu ya ukweli na ya Chirau ilikuwa nusu ya pili, nayo pia aliipata kwangu. Kosa ni la kamusi.

Mzee amesema nikabidhiwe magazeti mia tatu kesho saa kumi na mbili asubuhi. Chirau alikuja nyumbani jana alasiri na mkate wa mofa. Akasema ni vizuri niyahesabu kabla ya kuondoka, na akaniwekea mezani kijiti kipya na kisu kidogo. Nimemshukuru. Nimemwambia mimi ni mtu wa kichwa. Mjomba ametuma salamu kutoka Rabai, anauliza kama bado nina viatu.

Nilitumia mchana wa jana kuandika barua kwa wenye kamusi, huko London. Kurasa sita, Kiingereza safi. Nimewaeleza kwamba ukurasa wao una upungufu, nikawaorodheshea marekebisho, na nikawapa anwani yangu waweze kuniuliza zaidi. Nimeambatisha sahihi ya Sattar. Kuhusu kondoo nimewashauri wawaondoe wote, waweke nazi.

Barua inaondoka na meli ya Jumanne, tarehe 15. Nimewapa hadi Jumamosi, tarehe 30 Aprili, wawe wamesahihisha.